Mbao zimo, sisi hatumo

Simu yangu ina ujuaji mwingi. Kila nikiigeuza ili kaskazini ikae juu, nayo inaigeuza picha irudi ilivyokuwa. Nilikuwa kitandani, usiku umeshaingia, natazama ramani aliyoichora mnakili mmoja mwaka 1193, ambayo leo inatunzwa Leiden, Uholanzi. Nilikuwa natafuta pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mwishowe nikazima ule mzunguko wa skrini, nikaishika simu kichwa chini miguu juu, nikaanza kusoma.

Ramani ni ya Bahari ya Fars. Kwa al-Istakhri, mwandishi wa kitabu ilimo ramani hiyo, jina hilo lilibeba maji yote kuanzia Qulzum, karibu na Suez ya leo, hadi China. Kusini iko juu. Visiwa vitatu ni duara tupu: Kharak, Uwal (ndiyo Bahrain) na Lafit (leo Qeshm). Mito ya Dijla (Tigris) na Mihran (Indus) inaingia baharini kwa mistari iliyonyooshwa kwa rula. Upande wa Uajemi majina ya bandari yamebanana hadi yanakosa hewa.

Upande wetu kuna mkunjo mmoja wa pwani na jina la nchi. Basi.

Hilo peke yake lisingenikosesha usingizi. Nani asiyejua kwamba ramani za zamani zina mapengo? Kilichoniganda wiki nzima, kisha nyingine, ni maneno ya kitabu chenyewe. Mtu yule yule, kwa kalamu ile ile, ametuandika katika ukurasa mmoja na kukataa kutuandika katika mwingine.

## Sentensi mbili

Abu Ishaq al-Istakhri alitoka Istakhr, mji wa Fars, jimbo la Uajemi, uliokuwa karibu na magofu ya Persepolis. Aliandika kitabu chake cha njia na falme katika nusu ya kwanza ya karne ya 10, kwa Kiarabu, maana ndiyo iliyokuwa lugha ya elimu hata kwa Waajemi. Wenzake wa baadaye wakakifasiri kwa Kiajemi na kuzichora upya ramani zake 21.

Akifika Siraf, bandari ya Fars, kalamu yake inachangamka. Anasema mji huo unakaribia Shiraz kwa ukubwa. Hauna bustani wala miti, matunda na maji mazuri hushushwa kutoka mlima wa Jamm ulio nyuma yake, na joto lake si la mchezo. Lakini nyumba zake! Ni za ghorofa, zinatazama bahari, na zimejengwa kwa msaji na kwa mbao zinazoletwa kutoka nchi ya Wazanji, jina walilowaita watu wa pwani yetu. Yuko mfanyabiashara aliyetumia zaidi ya dinari 30,000 kwa nyumba yake moja.

Sentensi ya pili iko mwanzoni mwa kitabu, pale anapoeleza kwa nini nchi fulani hazimo. Nchi za watu weusi wa Maghrib, Wabeja, Wazanji na majirani zao hakuzitaja, anasema, kwa sababu falme husimama kwa dini, adabu, sheria na utawala uliotengemaa, na watu hao hawana fungu katika mambo hayo.

Soma tena, pole pole.

Anajua mbao zinatoka wapi. Anajua zimejenga nyumba za ghorofa. Aliyezikata hana fungu.

Istakhri hasemi ni mbao za mti gani. Lakini yeyote aliyewahi kulala katika nyumba ya kale ya Lamu au Mji Mkongwe akatazama dari anazijua boriti, na anajua kwamba upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Biashara hiyo iliendelea hadi karne ya 20: majahazi yalipakia boriti za mikoko Lamu na kwenye delta ya Rufiji, yakazipeleka Ghuba, na katika nyumba za zamani za Kuwait na Bahrain ziko bado, zimekauka na kuwa nyeusi, zinashikilia paa. Kwa hiyo ninaposoma habari ya nyumba za Siraf sioni jambo la mbali. Naona dari.

Na wala si kwamba habari za pwani hii hazikuwa zikipatikana. Al-Masudi wa Baghdad, mtu wa zama zile zile, alisafiri na manahodha wa Siraf na Oman hadi Qanbalu, kisiwa ambacho wengi hukiweka Pemba. Mara ya mwisho alirudi kutoka huko kwenda Oman mwaka wa 304 wa Hijria, yaani 916 au 917. Aliandika kwamba Wazanji wana mfalme, kwamba mfalme akidhulumu huuawa na kizazi chake hunyimwa ufalme, na kwamba wanao wahubiri wanaowahutubia kwa lugha yao wenyewe. Hiyo ni sheria. Hayo ni mawaidha. Hata sisi leo tungetamani kipengele kile cha mfalme kingebaki kwenye katiba.

Sasa Istakhri alikosa nini?

## Nilijaribu kumtetea

Utetezi wangu wa kwanza ulikuwa huu: vitabu hivi vilizaliwa ofisini.

Mtazame Ibn Khurradadhbih, Mwajemi wa karne ya 9 ambaye kitabu chake cha njia na falme ni miongoni mwa vya mwanzo kabisa vilivyotufikia. Kazi yake ilikuwa kusimamia posta na upelelezi katika jimbo la Jibal, magharibi mwa Uajemi. Kitabu chake ni kitabu cha bwana posta: kutoka kituo hiki hadi kile farsakh (kipimo cha masafa) kadhaa, kutoka pale hadi pale farsakh kadhaa, na jimbo hili linaleta kodi kiasi gani. Al-Jayhani, aliyeandikia kitabu chake Bukhara, alikuwa waziri wa Wasamani, watawala wa huko. Na desturi hiyo haikukatika. Mwaka 1340 Hamdallah Mustawfi wa Qazvin, wa ukoo wa wakaguzi wa hesabu za serikali, aliandika kwa Kiajemi kitabu cha maumbile na nchi kinachosomeka kama leja: wilaya hii zama za Waseljuk ililipa hivi, leo baada ya Wamongolia inalipa hivi, na pengo kati ya namba hizo mbili linaeleza maafa kuliko mashairi ya maombolezo. Hata ramani yake ni ya kihasibu. Amepiga mistari ya longitudo na latitudo ikawa visanduku, akaandika majina ya miji ndani ya visanduku, hakuna mto uliopambwa wala mlima uliotiwa rangi kwa madaha.

Pwani ya Wazanji haikuwa na kituo cha posta. Haikumlipa khalifa, amiri wala sultani kodi ya ardhi. Haikuwamo kwenye daftari, na ramani ilikuwa picha ya daftari.

Utetezi huu ulinipendeza. Unamsafisha Istakhri, halafu una heshima kidogo kwetu: hatumo kwa sababu hatukutozwa. Nikakaa nao siku kadhaa nikiwa na raha zangu.

Ukaanza kuvuja.

India na China nazo hazikumlipa mtu wa Baghdad wala wa Bukhara. Istakhri hakuzichambua kwa kina pia. Lakini alizihesabu. Anasema nguzo za dunia ni falme nne, Iranshahr (Uajemi), Rum (dola ya Konstantinopoli), China na India, na iliyostawi na kupangika kuliko zote ni Iranshahr. (Ya kwake, bila shaka. Mwamba ngoma huvutia kwake.) Kwa hiyo mtu aliye nje ya daftari angeweza kutajwa kwa heshima. Istakhri angeweza kusema kuhusu Wazanji, "hawa si wa utawala wetu," akaendelea na safari yake. Yeye alisema hawana adabu.

Kuna jambo jingine nililokuwa nalikwepa. Kuanzia 869 hadi 883, kwenye mabwawa ya kusini mwa Iraq, watumwa walioitwa Wazanji waliasi pamoja na watu wengine wengi, wakaiteka Basra mwaka 871. Kiongozi wao, Ali bin Muhammad, hakuwa Mzanji, na si wafuasi wake wote waliotoka pwani yetu. Lakini jina lililobaki kwenye vinywa vya watu ni la Wazanji. Basra ilikuwa mwenza wa Siraf katika biashara ya bahari. Mtu wa Fars aliyeshika kalamu miaka hamsini au sitini baadaye alikuwa mjukuu wa waliosikia moshi ule. Naona sentensi yake ya pili inanuka moshi.

Sisemi hivyo ili kumsamehe.

## Mstari na duara

Hapa nikarudi kwenye michoro yenyewe, nikiwa nimechoka kugombana na marehemu.

Ukizoea ramani za leo, hizi za Istakhri zinakera. Barabara ni mstari mnyoofu. Mji ni duara au mraba. Bahari ya Khazar (Kaspi) ni mduara kamili. Hakuna vipimo, hakuna longitudo. Kila jimbo lina ukurasa wake, na kurasa mbili za jirani huwezi kuziunganisha zikafungamana. Wapo waliowahi kuzicheka kama michoro ya watoto, hasa kwa kuwa wakati ule ule wanahesabu wa Kiislamu walikuwa na majedwali ya longitudo na latitudo za mamia ya miji.

Lakini jaribu kuifikiria kama mchoro wa vituo vya mwendokasi. Pale kituoni huna haja ya kujua barabara inapinda wapi. Unataka kujua kituo gani kinafuata kipi na utabadilishia basi wapi. Farsakh zimeandikwa kwenye maelezo. Mchoro ni wa kukaa kichwani. Mtu akiutazama mara tatu anaweza kufumba macho na kukutajia miji ya Khurasan kwa mpangilio. Mtindo huu unahusishwa na Abu Zayd wa Balkh, aliyefariki 934, na watu wanaouchunguza huuita mkondo wa Balkhi.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote katika mkondo huu amekisimulia Ibn Hawqal, msafiri wa Nisibis, mji wa jimbo la Jazira, kati ya mito ya Dijla na Furati. Alikutana na Istakhri, nao wakaoneshana ramani. Istakhri alikuwa amechora Sind (leo Pakistan), na Ibn Hawqal anasema alikosea. Alikuwa amechora Fars, na hiyo aliipatia sana. Ibn Hawqal naye akatoa zake. Ya Azerbaijan, Istakhri akaikubali. Ya Jazira, akaisifu. Ya Misri, akasema mbovu yote. Ya Maghrib, akasema sehemu kubwa si sahihi. Kisha mzee akamwomba kijana akirekebishe kitabu chake.

Fikiria hali hiyo. Watu wawili, karatasi zimetandazwa, kila mmoja anaambiwa wazi alipobabaisha. Mtu wa Fars amepatia Fars na kuikosea Sind. Mtu wa Jazira amepatia Jazira. Kila mmoja ni mkali pale miguu yake ilipokanyaga. Na mzee anayekabidhi kazi ya maisha yake kwa mtu aliyetoka kumkosoa usoni, huyo sijamwona hata kwenye vyuo vyetu vikuu.

Ni kisa hicho kilichonigeuza. Nilikuwa nauliza kwa nini walituacha, kana kwamba pale palikuwa na kikao cha kutujadili. Waliokutana pale walikuwa watu wa njia za nchi kavu, wakisahihishana kwa kile walichokijua, na hakuna hata mmoja wao mwenye uwezo wa kumwambia mwenzake, "pwani ya Wazanji umeikosea hapa." Ibn Hawqal alirekebisha mengi. Ile hoja ya watu wasio na fungu nayo imo kwenye kitabu chake, pamoja na msamaha kwa Wanubi na Wahabeshi kwa kuwa ni Wakristo wanaofuata dini ya Rum.

Kosa lisilo na wa kulipinga hurithiwa.

Niongeze kwamba hatuna hata mstari mmoja uliochorwa kwa mkono wa Istakhri mwenyewe. Nakala ya Gotha, Ujerumani, ni ya 1173. Ya Leiden ni ile ya 1193. Ya Ibn Hawqal iliyoko Istanbul ni ya 1086. Kila mnakili alitazama mchoro wa aliyemtangulia akauiga kwa jicho, na jicho hupenda kunyoosha kilichopinda. Ule mkunjo wa pwani yetu niliouona kitandani ni mkunjo wa mkunjo wa mkunjo.

## Mtu wa Guzgan

Nikasema basi nimtafute aliyetutaja.

Mwaka 982, huko Guzgan, kaskazini mwa Afghanistan ya leo, mtu ambaye jina lake halikuhifadhiwa alimwandikia amiri wake kitabu cha mipaka ya dunia kutoka mashariki hadi magharibi, Hudud al-Alam. Hicho ndicho kitabu cha kale zaidi cha jiografia tulichonacho kwa Kiajemi chenyewe. Kilisalia kwa tundu la sindano: nakala moja, ya 1258, iliyopatikana Bukhara mwaka 1892, ikachapishwa kwa picha Leningrad mwaka 1930 na kufasiriwa kwa Kiingereza na Vladimir Minorsky mwaka 1937.

Mwandishi huyu hakuwa msafiri. Alikaa na vitabu vya waliomtangulia na ramani, akapanga dunia vizuri mno: kwanza bahari, visiwa, milima, mito, majangwa, kisha nchi moja moja. Akifika kwa Waturuki, majirani zake, anajua nani anahamahama wapi na nani anauza manyoya gani. Hapo amejaa.

Zangistan imo, karibu na mwisho.

Nilifurahi kabla ya kusoma. Anasema ndiyo nchi kubwa kuliko zote za kusini. Mashariki yake inapakana na Zabaj, yaani visiwa vya Java na Sumatra. Iko mkabala wa Fars, Kirman na Sind. Ardhi yake ni machimbo ya dhahabu. Watu wake wana nyuso pana, mifupa mikubwa na nywele za kipilipili, na tabia yao ni ya wanyama wa mwituni. Kisha miji mitatu: mmoja wa wafanyabiashara, Sofala (pwani ya Msumbiji ya leo) anakokaa mfalme, na mwingine ambao hakuna unaoushinda kwa mali. Jina la mji wa kwanza na la tatu yameandikwa kwa namna isiyosomeka kwa uhakika.

Nikafunga kitabu nikaenda kuchemsha chai.

Kuna mfalme, kuna soko, kuna utajiri, halafu wanyama wa mwituni. Istakhri angalau alikuwa na mantiki: hana la kusema, ananyamaza. Huyu wa Guzgan anaweka mfalme na mnyama kwenye ukurasa mmoja na wala hastuki. Nadhani hastuki kwa sababu hakuwaona. Amekusanya kutoka huku na kule, kila kipande kimekuja na harufu ya kilikotoka: miji na mali kutoka kwa wafanyabiashara, mwili na tabia kutoka kwa vitabu vilivyogawa watu kwa joto la nchi zao.

Na ule ujirani na Java si ndoto. Ni ramani. Katika michoro ya zama zile, Afrika hainyooki kwenda kusini. Inapinda kuelekea mashariki, kusini mwa Bahari ya Hindi, mpaka inakaribia kukutana na nchi za China. Ukiisoma ramani kama hiyo ukiwa Guzgan, safari ndefu kutoka baharini, Mzanji lazima awe jirani wa Mjava na awe anatazamana na Kirman.

## Mchanga wa Aden

Al-Muqaddasi alizaliwa Jerusalem, lakini ukoo wa mama yake ulitoka Biyar, katika jimbo la Qumis la Uajemi, na kitabu chake alikikamilisha Shiraz mwaka 985. Miaka mitatu tu baada ya yule wa Guzgan. Alikuwa mtu mwenye maringo, mdadisi, asiyeamini kitu mpaka akishike.

Swali lake lilikuwa moja: hii bahari ina umbo gani? Aliona ramani moja katika maktaba ya amiri wa Khurasan. Akaona nyingine Nishapur, iliyochorwa kwenye kitambaa. Akaona iliyokuwa katika hazina ya Adud al-Dawla, mtawala wa Fars. Hazikukubaliana. Nyingine zilifanya bahari iwe na umbo la taylasan, vazi la mabegani la wasomi, nyingine zikaifanya ndege.

Siku moja yuko Aden, amekaa ufukweni na mzee aitwaye Abu Ali ibn Hazim, mkuu wa wafanyabiashara, ambaye meli zake zilifika ncha za mbali. Mzee akamwona amezama katika mawazo, akamuuliza kulikoni. Muqaddasi akamweleza utata wa ramani. Mzee akamjibu kwamba amemfikia anayejua. Akasawazisha mchanga kwa kiganja cha mkono, akachora bahari. Haikuwa vazi wala ndege. Ilikuwa na ndimi na ghuba nyingi, zinazoingia na kutoka.

Aliposafiri baharini, Muqaddasi aliwakuta pia manahodha, mawakala na wafanyabiashara waliozaliwa na kukulia chomboni. Walikuwa na madaftari. Waliyasoma, wakayategemea, wakafuata yaliyomo.

Nilipofika hapo nilisimama.

Elimu ilikuwepo, tena imeandikwa. Ilikuwa mikononi mwa watu waliokuwa wakipakua mbao Siraf huku watu wa kalamu wakiandika kwamba aliyezikata hana fungu. Watu wa kusi na kaskazi walijua pwani yetu bandari kwa bandari, la sivyo zile nyumba za ghorofa zisingesimama. Lakini amiri hakumwomba nahodha kitabu. Na nahodha, kama ana akili, haweki hadharani njia ya kufikia dhahabu na pembe. Ukimya wa ramani ulikuwa na wanufaika wawili.

Siraf yenyewe haikukaa sana baada ya Istakhri kuisifu. Muqaddasi anasimulia tetemeko la mwaka 366 au 367 wa Hijria, yaani karibu na 977, lililotikisa siku saba hadi watu wakakimbilia baharini na nyumba nyingi zikaanguka. Biashara ikaanza kuhamia bandari nyingine za Ghuba. Habari za Washirazi na pwani yetu tunazijua, sizirudii hapa.

## Bahari iliyofunguliwa

Mmoja wa watu wa kalamu aliwasikiliza watu wa bahari, na matokeo yake yanashangaza.

Kwanza kulikuwa na Abu Zayd wa Siraf, msomi wa karne ya 10, aliyeandika kwamba katika Bahari ya Rum (Mediterania) zimeokotwa mbao za meli zilizoshonwa kwa kamba. Meli za Rum na Sham hupigiliwa misumari. Zinazoshonwa ni za Siraf na bahari zetu. (Wenye kuukumbuka mtepe, chombo chetu cha kushonwa, wanaelewa.) Kwa hiyo, akasema, bahari hizi mbili zinaungana mahali fulani. Mahali penyewe alipabahatisha vibaya: akaipitisha bahari nyuma ya China na nchi ya Waturuki hadi kwa Wakhazar. Ila hoja yake ilikuwa nzito.

Kisha akaja al-Biruni wa Khwarazm. Mwaka 1029, akiwa Ghazna, aliandika kitabu cha utangulizi wa unajimu na hesabu kwa njia ya maswali na majibu, kwa ajili ya mwanamke aitwaye Rayhana binti al-Hasan. Kipo kwa Kiarabu na kwa Kiajemi. Ndani yake kuna mchoro mdogo wa duara unaoonesha bara na bahari. Hauna miji wala barabara. Lakini Afrika imekatwa fupi, ule mkia wa kuelekea Java hakuna, na kusini mwake maji yako wazi, bahari ya mashariki na ile ya magharibi zinakutana.

Miaka karibu 460 kabla ya Bartolomeu Dias, Mreno, kuizunguka rasi ya kusini mwa Afrika, mtu aliyekaa kwenye milima ya Afghanistan alikuwa ameshaifungua njia kwa hoja.

Na Biruni huyo huyo, katika kitabu chake cha India, anaeleza umaarufu wa Somnath, mji wa Gujarat, kwa sababu ya kawaida kabisa: ulikuwa kituo cha mabaharia wanaokwenda na kurudi kati ya Sofala ya Wazanji na China. Hakuna mnyama wa mwituni hapo. Kuna watu wanaopita bandarini na shughuli zao. Ndiyo sentensi moja tu, imeandikwa kama vile kila mtu anajua.

Baada ya Istakhri na yule wa Guzgan, sentensi ya kawaida namna hiyo nilipokea kama salamu.

## Yako wapi madaftari?

Ndilo swali ninalobaki nalo sasa, nimeacha lile la kwa nini hatumo.

Madaftari aliyoyaona Muqaddasi hayapo. Anayetupa habari za mfano wake ni Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar (leo Ras al-Khaimah), nahodha wa karne ya 15. Vitabu vya njia za bahari viliitwa rahmani, na yeye anawataja watangulizi watatu wa kazi hiyo: Muhammad bin Shadhan, Sahl bin Aban na Layth bin Kahlan. Anasema aliiona nakala iliyoandikwa kwa mkono wa mjukuu wa Layth, ya mwaka 580 wa Hijria, yaani 1184.

Nilipolisoma hilo nilifurahi kupita kiasi. Nikadhani nimempata shahidi.

Halafu Ibn Majid anaendelea, kwa ulimi wake mkali unaojulikana. Watatu hao, anasema, walikuwa wakusanyaji tu. Waliuliza watu wa kila pwani wakaandika walichoambiwa. Safari zao wenyewe zilikuwa za karibu na Siraf, hadi pwani ya Makran, kati ya Uajemi na Sind.

Yaani hata waandishi wa bahari walikuwa watu wa Guzgan kwa namna yao. Walikaa karibu na nyumbani wakategemea ya kuambiwa. Na yule aliyewaambia, mtu wa Makran au wa Zanji aliyejua mwamba uko wapi na maji yanageuka saa ngapi, hakuandikwa jina.

Pwani yetu inapata maelezo ya bandari kwa bandari kwa Ibn Majid mwenyewe, katika shairi lake la njia ya Sofala, miaka mia tano hivi baada ya Istakhri kukataa kutuandika. Anaipima kwa urefu wa nyota juu ya upeo wa macho. Hana farsakh, hana vituo vya posta, hana kodi ya mtu. Nimeanza kulisoma, pole pole, kwa msaada wa tafsiri na wa jirani yangu anayejua Kiarabu kunizidi. Tukiimaliza sehemu ya Kilwa nitawaandikia.